Siku Mama Alipopiga Simu Thika

Sisi tuliochuma chai kabla ya jua kutoka, tukaacha vikapu kando ya njia ili mama zetu waje kuvichukua, kisha tukakimbia shuleni na vidole vyeusi kwa utomvu wa majani, tunajuana. Mwalimu alikagua kucha kila Jumatatu, lakini hata yeye alijua kwamba weusi ule haukuwa uchafu. Naandika haya kwa ajili yenu, wenzangu wa rika langu wa Sosiot, Sotik na kote kwenye vilima vile. Watoto wetu nikianza kuwasimulia huniangalia kwa huruma, kama mtu anayeeleza ndoto yake, kisha macho yao hurudi kwenye simu.

Mimi si mtu wa maneno mengi, na shule niliiacha kidato cha pili. Lakini mama yangu tumemzika wiki tatu zilizopita, na tangu siku hizo kuna jambo lisiloniacha nikalala vizuri. Afadhali niliandike.

Mama alikata roho asubuhi, hospitalini, nikiwa nimemshika mguu. Nilimshika mguu kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na dripu na ule mwingine alikuwa ameulalia. Bado nilikuwa nimeushika mguu wake, muuguzi hajamaliza kumfunika, simu yangu ikatetemeka mfukoni. "Pole sana Chebet. Mungu awatie nguvu." Aliyeandika ni mwanamke niliyesoma naye darasa la nne, ambaye siku hizi anafanya kazi Katar. Baba yangu alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya wodi, hatua chache tu kutoka pale, na alikuwa hajajua. Katar ilijua. Mpaka leo sijafahamu habari ile ilipitia mlango gani.

Siku ya mazishi, binti ya dada yangu alisimama kando ya kaburi na simu juu ya kijiti, akiwarushia picha jamaa walio mbali. Mchungaji alipoinua mkono kubariki, binti akamwambia kwa adabu kabisa, "Pastor, songa kidogo kushoto, unakatwa kichwa." Mchungaji akasonga. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka, nami nilicheka pia, kisha nikashtuka kwamba nimecheka.

Enzi zetu habari ilitembea kwa miguu, na miguu hiyo ilichoka. Barua ya baba kutoka Thika, alikofanya kazi katika kiwanda cha nguo, ilikuja kupitia sanduku la posta la shule. Mwalimu mkuu alisoma majina ya wenye barua siku ya Ijumaa, baada ya wimbo wa taifa, na mtoto aliyeitwa alitoka mstarini akitembea kama askari. Ndani baba alikuwa anauliza habari za ng'ombe aliyekuwa mgonjwa wiki tatu nyuma, na ng'ombe mwenyewe alikwisha kupona au alikwisha kuliwa.

Redio tulikuwa nayo moja, ya betri nne. Betri zikianza kufa tulizianika juani juu ya bati, zikarudi kuzungumza siku mbili tatu. Kuna waliozitia meno, na wengine walizipasha moto karibu na jiko mpaka zikatoa ute. Mchana, baada ya habari, yalikuja matangazo ya vifo, na hapo hata kuku walionekana kunyamaza. Tonge la ugali lilibaki hewani. Tulisikiliza majina ya watu wa Bomet, wa Nandi, wa Eldama Ravine, tusiowajua kabisa, na bibi yangu alimlilia kila mmoja kidogo. Wakati mwingine mtangazaji alisema fulani bin fulani, popote ulipo, unaombwa kurudi nyumbani haraka. Basi tukakaa tukimfikiria huyo fulani: yuko wapi, anakula nini, amesikia au hajasikia.

Bibi yetu tulimwita Kogo, kama wote wanavyoitwa kwetu. Alikuwa mama mzazi wa baba, na baba ndiye mtoto wake pekee wa kiume. Aliishi katika nyumba ya udongo upande wa chini wa boma letu, karibu na chai, na alikuwa na desturi ya kutokuamini kitu chochote kisichokuwa na uso. Mwaka mmoja baba alimtumia kaseti aliyorekodi sauti yake, kwa kuwa Kogo hakujua kusoma. Tuliazima kwa mwalimu redio yake ya kaseti, tukakusanyika wote. Baba akasema kutoka ndani ya kile kidude, "Chamgei, mama." Kogo akaitikia salamu vizuri, akaketi sawa, akauliza, "Hujambo mwanangu, unakula?" Baba akaendelea kusema mambo ya mvua ya Thika. Kogo akauliza tena. Baba akaendelea. Kogo akaudhika. "Mwambieni apumue," alisema. "Huko kazini wamemfundisha kuongea bila kusikiliza." Ilibidi tusimamishe kaseti kila baada ya sentensi, Kogo ajibu lake, kisha tumwachilie baba tena. Ilichukua adhuhuri nzima. Mama alisimama mlangoni, kidole mdomoni, akijizuia asicheke mbele ya mama mkwe.

Na kompyuta je? Mnakumbuka? Mimi niliiona nikiwa kidato cha kwanza, na ilikuwa moja shule nzima. Ilikaa kwenye chumba chenye pazia, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Siku ilipofika iliombewa na mchungaji. Kuingia mle tulivua viatu, tukafuta miguu, na yeyote mwenye mafua alibaki nje kwa sababu tuliambiwa inaweza kushika virusi. Niliruhusiwa kubonyeza herufi moja. Nilibonyeza C, ikatokea C, nikarudi nyuma kwa hofu nikamkanyaga mwenzangu. Leo mjukuu wa jirani, ambaye bado ananyonya, nimemwona akitelezesha kidole juu ya kioo akitafuta katuni, na alipoikosa akanitazama kana kwamba kosa ni langu.

Lakini niliyotaka kusema ni ya simu.

Nilikuwa darasa la sita. Ilikuwa majira ya mvua kubwa, zile mvua zetu zinazokuja kila alasiri na wakati mwingine huleta mawe yanayotoboa majani ya chai kama risasi. Kogo alianza kuumwa kifua. Mwanzo alisema ni baridi. Baadaye hakutoka kitandani. Siku ya Jumapili, baada ya kanisa, alimwita mama na kumwambia maneno machache tu: "Namtaka kijana wangu. Nimwone, nimbariki, basi."

Kwetu baraka ya mzazi hailetwi na mtu mwingine. Mzee hutia mdomoni mursik kidogo, maziwa yetu yaliyogandishwa kibuyuni, hutema kifuani mwa mtoto wake kama umande na kusema maneno yake. Mtoto asipokuwepo, hakuna wa kupokea kwa niaba yake. Kogo alikuwa ameweka kibuyu kidogo cha mursik chini ya kitanda, na hakuruhusu mtu akiguse.

Mama alifikiri. Barua ingechukua wiki mbili. Jirani akashauri tangazo la redio, Kogo akakataa palepale. "Jina langu likitajwa huko," alisema, "nitajua nimekufa, na nitakufa kweli." Ikabaki simu. Baba alikuwa ametuachia namba ya kiwandani, ameiandika kwenye karatasi ya pakiti ya sigara, na mama alikuwa ameiweka ndani ya Biblia. Haikuwahi kutumika.

Ili mwelewe kilichotokea, ninyi mliokulia kwingine, lazima niseme jambo moja. Kwetu, wakati ule, mke hakutaja jina la mumewe. Hakukatazwa na polisi, lakini ulimi wenyewe ulikataa. Mama alimwita baba yangu "baba Chebet", kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba. Kliniki, muuguzi akiuliza jina la baba wa mtoto, mama alimgeukia mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, na mwanamke yule akalitaja kwa niaba yake. Zamu yake ikifika, mama akamlipa kwa kumtajia wa kwake. Ndivyo foleni nzima ilivyokwenda, kila mtu akibeba mume wa mwenzake mdomoni, na hakuna aliyeona ni ajabu isipokuwa manesi waliotoka mbali.

Jumanne tulikwenda Kericho mjini, mama na mimi. Nilinyimwa shule siku hiyo ili nimsaidie kwa sababu nilijua kusoma namba. Mama alivaa gauni la kanisani na kitambaa kipya kichwani. Alijipaka mafuta miguuni mpaka ikang'aa. Nilimwuliza kwa nini, na akanijibu, "Tunaenda kuongea na baba yako." Nami niliona ni jibu la kutosha.

Foleni kwenye simu ya sarafu ilikuwa ndefu. Mbele yetu alisimama mfanyabiashara wa vipuri, mtu mwenye asili ya Nyeri, aliyepiga kelele kwenye simu kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya mto. Alipomaliza alituonea huruma. Alitia sarafu zetu, akabonyeza namba nilizomsomea, akamkabidhi mama mkono wa simu. "Mama, sema haraka," alisema. "Hii kitu haina salamu ndefu. Inakula." Akaenda zake.

Mama aliushika ule mkono wa simu kwa mikono miwili, mbali kidogo na sikio, hivyo hata mimi nilisikia sauti ya mwanamke ikitoka ndani. Nilishtuka. Nilikuwa nimeelezwa, lakini kuelezwa si kusikia. Mtu alikuwa Thika, na pumzi yake ilikuwa hapa.

"Hello, unataka nani?"

"Nataka baba Chebet," mama akasema.

"Baba nani?"

"Baba Chebet. Wa Sosiot, Kericho."

"Mama, hii ni kiwanda, si boma. Watu hapa ni wengi. Jina?"

Mama akalamba midomo. "Ni mrefu," alisema. "Ana alama hapa." Na akagusa paji la uso wake, juu ya jicho la kushoto, polepole, ili yule mwanamke aone vizuri.

"Hapa wapi, mama? Niambie jina. Jina ya bwana yako!"

Mama akageuka nyuma. Nyuma yetu hapakuwa na mwanamke mwenzake wa kliniki wa kumtajia. Kulikuwa na wanaume wenye miavuli, wageni watupu, na wote walikuwa wanasikiliza. Sarafu moja ikaanguka ndani ya simu kwa kishindo. Mama akainama, akaniwekea simu sikioni. "Sema jina la baba," alininong'oneza.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo niseme ukweli. Nililijua jina la baba. Niliandika jina lile juu ya daftari langu kila muhula. Ningeweza kulitaja, kwa kuwa mtoto hakukatazwa. Lakini sauti ile iliingia sikioni mwangu, moja kwa moja, kama mtu aliyeingia chumbani bila kubisha.

"Wewe ni mtoto wake?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Uko hapo? Baba yako anaitwa nani?"

Nikatikisa tena. Nilitikisa kichwa mbele ya ile simu kama mtu anayemjibu mwalimu, na koo langu likakataa kutoa chochote. Sarafu ya pili ikaanguka.

"Hata huyu hasemi!" mwanamke akasema. "Ngojeni hapo niulize." Nikasikia kitu kikiwekwa mezani, na viatu vikienda. Tulingoja. Mama alinitazama mdomo. Sarafu ya mwisho ikaanguka, kisha sauti ikawa moja tu, ndefu, kama ya mbu. Mwanamume wa nyuma yetu akasema, "Imekwisha mama, toka." Tukatoka.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Njiani alisema tu, "Tutarudi."

Tulipofika nyumbani Kogo alikuwa macho. Aliuliza kabla hatujavua viatu, "Simu imemwambia?"

Mama akajibu, "Imemwambia, mama. Anakuja."

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilimsikia mama yangu, ambaye alitufundisha kwamba uongo hukauka mdomoni na kunuka, akisema uongo bila kupepesa macho. Na nikaona uso wa Kogo ukifunguka.

Jumatano ilikuwa siku yetu ya kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai. Usipochuma siku yako majani hukomaa, nayo hayachukuliwi. Isitoshe, Kogo alianza kuishiwa pumzi, mama hakuweza kumwacha. Siku nzima Kogo aliuliza amefika wapi. Amefika Nakuru? Mama akasema labda. Amefika Londiani? Labda, mama. Alitutuma tufagie njia.

Alhamisi tulikwenda tena. Kutoka nyumbani mpaka mjini mama alinifundisha la kusema, nami nililirudia kimoyomoyo kama shairi la tamasha la shule. Nilikuwa tayari. Lakini mwanamke wa Thika alipoitikia, mama hakunipa simu. Alinigeuzia mgongo, akafunika mdomo kwa kiganja, na nikamsikia akisema, chini sana, "Wilson Kiprotich."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na simu yenyewe. Nilikuwa sijawahi kulisikia jina lile katika sauti ya mama. Lilisikika kama jina la mtu mwingine, kijana, mtu ambaye mama alimjua kabla yetu. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho, na kulikuwa na baridi.

Baba aliitwa, akaja. Mama alisema maneno mawili. "Njoo. Mama." Basi.

Kogo alifariki Ijumaa asubuhi, wakati wa kukamua. Baba aliingia langoni mchana wa siku hiyohiyo, akiwa bado na sare ya kazi, na akakuta wanawake wameketi uwanjani. Hakuna aliyemwambia neno. Aliingia nyumba ya mama yake, akakaa huko, na alipotoka alikuwa na kile kibuyu mkononi. Alisimama nacho kama mtu aliyepewa kitu ashike kidogo, na mwenye nacho akasahau kurudi.

"Mlinipigia lini?" alimwuliza mama.

"Jana," mama akasema.

Ilikuwa kweli. Mimi nilikuwa kando ya jiko nikichochea moto, nikaendelea kuchochea.

Mama aliishi na Jumanne ile maisha yake yote. Hatukuizungumzia hata mara moja, yeye na mimi. Lakini simu za mkononi zilipoingia kwetu na mimi nikamnunulia ya kwake, nilitaka kumwandikia namba ya baba kwa jina lake, akaweka mkono juu ya kioo. "Andika mwenye boma," alisema. Alikuwa mwanamke aliyechelewesha simu kupokewa kwa sababu alikaa sawa kwanza, akafunga kitambaa. Watoto walimcheka. Mimi sikuweza kumcheka.

Wiki iliyopita nilikuwa na baba, nje, wageni wamekwisha kutawanyika. Ana simu kubwa ambayo kaka yangu alimletea, na miwani yake imeshikwa kwa waya. Alikuwa anasoma salamu za rambirambi, moja moja, kwa kidole. Zilikuwa bado zinaingia. Nikaona kwamba baba ni mzee, na mama hayupo wa kuumizwa na ukweli. Nikamwambia. Nilimwambia yote: gauni la kanisani, alama ya paji la uso, kichwa changu nilichotikisa. Nilimwambia kwamba tungesema Jumanne, angefika Jumatano, naye Kogo alikuwa bado anaongea. Nikamwomba msamaha kwa niaba yangu na ya mama.

Baba aliiweka simu kifudifudi juu ya goti.

"Ilikuwa kama saa tano," alisema.

Nilidhani anachanganyikiwa.

"Yule mama wa kupokea simu pale kiwandani alikuja akasimama kwa mlango. Mashine zina kelele, akapiga mayowe. Akasema, 'Nyinyi wanaume wa Kericho! Kuna bibi ya mtu hapa kwa simu, hataki kusema jina ya bwana yake. Ni wa nani?' Tulikuwa wanne kutoka huku. Kiwanda yote wakacheka. Na sisi tukacheka. Kila mmoja anamwonyesha mwenzake, ni wako, ni wako." Alifuta kioo cha simu kwa kiganja ingawa kilikuwa kimeangalia chini. "Mimi ndiye nilicheka sana, Chebet. Nikasema, mwambieni apige mbinja, wa kwake atatoka kama ng'ombe. Hiyo ndiyo ilichekesha watu zaidi."

Nilimtazama alama yake juu ya jicho la kushoto.

"Na nilijua," akasema. "Hapo nikicheka, nikajua ni yeye. Nani mwingine angepiga simu kutoka mbali hivyo ndiyo anyamaze?"

"Mbona hukuenda, baba?"

"Ningeenda namna gani," alisema, "na nimeshacheka?"

Baadaye akasema kwamba jioni ya siku hiyo aliwaza aombe ruhusa, akajiambia huenda si yeye, huenda ni mke wa yule mwenzake wa Belgut, huenda ni jambo la ng'ombe. Jumatano akajiambia vilevile. Na Alhamisi alipoitwa kwa jina, mama wa simu alilitangaza mbele ya mashine zote, na hakuna aliyecheka.

"Alijua?" aliniuliza. "Mama yako. Alijua kwamba nilijua?"

Nikamwambia kweli, kwamba sidhani. Akatikisa kichwa. Simu yake ikatetemeka juu ya goti, pole nyingine kutoka kwa mtu fulani mahali fulani, na hakuigeuza.

Ninyi wa rika langu mnajua jinsi watoto wanavyotuuliza. Mliishije? Bila simu mkononi, bila picha, mtu yuko Thika na hamjui kama yu hai? Nami siku zote nimewajibu kwa kujigamba kidogo kwamba tuliishi vizuri, watu walikuwa na subira, na habari ilifika ikiwa imeiva. Nimewacheka wao wanaoandikiana ujumbe wakiwa kwenye kochi moja. Leo jina la anayekupigia huandikwa kwenye kioo kabla hujapokea, na hakuna mke anayelazimika kufungua mdomo foleni nzima ikimsikiliza. Mama angebonyeza "mwenye boma" na baba angefika Jumatano, kungali mchana.

Ila siku hizi nikisikia mtoto akiniuliza tuliishije bila simu, najibu tofauti. Namwambia simu tulikuwa nayo. Siku moja ya Jumanne ilikuwa mkononi mwetu, sarafu zimeshatiwa, mtu anasikiliza upande wa pili, na tulikuwa watatu tuliojua jina moja, mama na mimi huku, baba kule, na hakuna hata mmoja wetu aliyelisema.